Ngazi Tatu za Ulingo

"Hodi hapa!"

Najat hakuinua kichwa. Mguu wake ulikuwa kwenye cherehani, macho kwenye mshono wa kanzu nyeupe. Kanzu ya bwana harusi wake. Ndoa ilikuwa Ijumaa ya wiki ijayo na mkono mmoja ulikuwa bado.

"Hodi tena, dada. Naulizia kwa kina Sadallah, mwanamieleka."

Hapo cherehani ilisimama. Miezi minane hakuna aliyemwita kaka yake mwanamieleka. Mtoni nzima sasa walimwita kwa jina la mama yao, "yule mgonjwa wa Bi Mwamvita."

Barazani alisimama kijana mwembamba asiyemjua, amekumbatia begi la kompyuta kifuani kama aliyebeba mtoto.

"Karibu. We nani?"

"Naitwa Erasmus. Mwaka jana nilikuwa narekodi mapambano yenu kwa kazi yangu ya chuo. Siku kaka alipoumia nilikuwepo."

"Wote tulikuwepo. Kama umeleta pole, umechelewa, kaka yangu."

"Sikuleta pole." Kijana alimeza mate. "Dada, mie nilikuwa nataka mlio wa mwili ukigonga mbao. Nikabandika maiki ndogo chini ya turubai la ulingo, pale pembeni. Halafu nikapata kazi Dodoma, mambo yale nikayaacha. Juzi ndiyo nimeyafungua. Kuna maneno mle ndani. Nimeshindwa kukaa nayo peke yangu."

Alimpa spika za masikio. Najat akazivaa chini ya ushungi.

Ili uelewe alichokisikia, ujue kwanza mieleka ya kundi la Ngome ilivyokuwa. Watu walikuja kuona ugomvi, lakini ugomvi haukuwepo. Wapiganaji walipanga nani arushwe na nani ashinde. Na kwa kuwa mashabiki hawatakiwi kuwaona wakinong'onezana, maneno yao yalibebwa na refa. Refa huinama kana kwamba anamkagua aliyelala, husikia neno, kisha hulipeleka kwa mwenzake. Neno la refa ni amana. Mtu anainuliwa hewani, kichwa chini, kwa sababu tu refa amesema yuko tayari.

Refa wa Ngome alikuwa Mbwana, swala tano, mpole, mtu wa watu. Kanzu iliyokuwa kwenye cherehani ilikuwa yake.

Masikioni mwa Najat kelele za mashabiki zilikuwa mbali, kama mvua ya mtaa wa pili. Karibu kabisa alimsikia kaka yake akihema.

"Mbwana, mwambie Khalfani leo Mnazi hapana. Mgongo umekaza. Amalizie chini."

"Poa."

Viatu vikagonga mbao. Kisha sauti ileile ya upole:

"Khalfa, mwenzio yuko tayari. Mpige Mnazi, sasa hivi."

Mnazi ndiyo ilikuwa staili kubwa ya Khalfani, mpinzani wa Sadallah siku ile. Humwinua mtu mpaka juu, akasimama naye, kisha akamwachia aanguke chali. Aliyejiandaa huinuka akicheka. Najat aliusikia mlio uliofuata, akavua spika kabla haujaisha.

"Nisamehe, dada," Erasmus alisema.

Najat alinyanyuka, akaingia chumbani kwa kaka yake.

Sadallah alisikiliza mara moja tu. Magongo yake yalikuwa yameegemea ukuta, na kwa muda mrefu aliyatazama hayo badala ya kumtazama mtu.

"Khalfani alinambia," alisema mwishowe. "Palepale wodini. 'Mbwana kasema uko tayari.' Na Mbwana akaapa mbele ya watu kwamba neno langu alilifikisha kama lilivyo. Nikamwamini yeye. Nilimtemea Khalfani mate usoni, Najat."

"Na mie nikamrudishia pete ya uchumba."

Najat alitoka kwenda uani, akaitafuta namba aliyoifungia miezi minane. Ujumbe wa mwisho wa Khalfani ulikuwa palepale, haukuwahi kujibiwa:

*"Sijamwangusha kwa wivu, Najat. Wallahi sijui nikuoneshe vipi. Nimemuahidi mama yako: sipandi ulingoni mpaka Sadallah apande zile ngazi tatu kwa miguu yake. Hata iwe lini."*

Wakati ule alisema hayo ni maneno ya mwenye hatia. Mji mzima ulisema Khalfani kakimbia aibu.

Simu ikaita mkononi mwake. Mbwana.

"Mama watoto mtarajiwa! Kanzu yangu imefikia wapi?"

"Njoo uijaribu."

"Mbona sauti hivyo? Umechoka?"

"Njoo tu, Mbwana."

Alifika baada ya Alasiri na mfuko wa machungwa ya mgonjwa, kama kawaida yake. Alikuta wamekaa wote: Bi Mwamvita mkekani, Najat kwenye cherehani, Sadallah kitini, na kijana mgeni mwenye kompyuta.

"Shikamoo mama. Kuna nini, mbona kama msiba?"

"Marahaba. Kaa usikilize, mwanangu."

Erasmus alibonyeza. Maneno yalipokwisha, Mbwana alicheka kidogo.

"Siku hizi sauti zinatengenezwa, jamani. Hata mtoto wa darasa la tano anatengeneza. Mnamwamini mpita njia?"

"Basi apa," Najat alisema.

"Niape nini?"

"Wodini uliapa. Apa tena hapa mbele ya mama. Sema Wallahi neno la Sadallah nililifikisha. Ukisema, namfukuza huyu mgeni na Ijumaa unanioa."

Mbwana alifungua mdomo. Aliwatazama mmoja mmoja, akaishia kwa Bi Mwamvita aliyekuwa ameacha kuvuta tasbihi. Chungwa moja lilidondoka mfukoni, likabingiria mpaka kwenye gongo la Sadallah. Hakuna aliyeliokota.

"Mie ndiye niliyeanza kuleta posa," alisema taratibu. "Mkanirudisha. Akaja Khalfani, mkapokea. Nilitaka wakosane tu. Nilidhani Sadallah ataumia bega siku mbili, ahamaki, amkatae shemeji. Sikutaka hili. Mungu ananiona."

"Anakuona kweli," Sadallah alisema.

Bi Mwamvita aliongea polepole. "Miezi minane, Mbwana. Unakuja na machungwa. Unamlisha uji mwanangu kwa kijiko, wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Ulikuwa unamtazama wapi?"

Mbwana akauweka mfuko chini. Alilia, na kilio chenyewe hakikuwa cha uongo, ndiyo maana kiliuma zaidi. Najat alikata uzi, akaikunja kanzu vizuri kama anavyokunja ya mteja yeyote, akampa.

"Mkono mmoja bado. Katafute fundi mwingine."

Mbwana alipoondoka, Najat alipiga ile namba. Kule upande wa pili mashine ya kukatia chuma ilikuwa inapiga kelele. Khalfani alikuwa anachomelea mageti Kipawa. Kelele ikazimika.

"Haloo?"

"Khalfani."

Kitu cha chuma kikawekwa chini.

"Ulishafuta namba yangu?" Najat aliuliza.

"Sijafuta. Nimeiona, nimeshindwa kuamini."

Alimweleza yote, kuanzia hodi ya Erasmus mpaka lile chungwa. Khalfani hakumkatisha hata mara moja.

"Sadallah kasikia kwa masikio yake?"

"Kasikia."

"Alhamdulillahi."

"Na mie huna la kunambia?"

"Mie yote nilikwambia siku ile, Najat. We ndo hukutaka kusikia."

Najat aliliacha neno lile limfike.

"Nisamehe."

"Sijakataa. Ila acha nipumue kwanza. Miezi minane nimebana."

"Sadallah anaomba uje Jumamosi kwenye pambano. Anataka akuone palepale."

"Nitakuja."

Habari Mtoni hazihitaji mbebaji. Kufika Jumamosi saa kumi, uwanja wa Ngome ulikuwa umefurika, na Badru, mwenye kundi, alikuwa anatoka jasho kuliko wapiganaji wake. Alimdaka Khalfani getini, akimwita kwa jina lake la ulingoni.

"Radi! Mwanangu! Tulikukosea, tutaongea, tutachinja hata mbuzi. Ila sasa hivi sikiliza. Yule bwana wa koti la kijivu, mstari wa mbele, katoka Nairobi. Aliona video zako za zamani. Ana mkataba wa mwaka mzima mfukoni, anataka akuone dakika kumi tu. Kesho alfajiri anaruka."

"Sadallah yuko wapi?"

"Khalfani, umenisikia lakini?"

"Nimekusikia, braza. Sadallah yuko wapi?"

Alikuwa kando ya ulingo, kwenye magongo yake, mama upande mmoja na Najat upande wa pili. Wanaume wawili walisimama wakitazamana. Mashabiki wa karibu wakawaachia nafasi.

"Umekonda," Sadallah alisema.

"We umenenepa. Uji unakupenda."

Sadallah aliachia gongo moja. Akavuta upindo wa shati lake, akanyoosha mkono, akaanza kumfuta Khalfani shavu la kulia. Alifuta taratibu, kama vile mate ya miezi minane yalikuwa bado hayajakauka. Khalfani alifumba macho akamwacha afute.

"Basi, ndugu yangu. Pametakata."

"Bado," Sadallah alisema, akaendelea.

Najat alikuwa na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na fulana ya bluu yenye radi ya njano aliyoishona mwenyewe siku walipochumbiana. Usiku wa kuamkia siku ile aliitoa sandukuni, akarudishia nyuzi zilizolegea.

"Inakutosha bado," alimwambia. "Vaa. Yule mtu anakungoja."

Khalfani aliishika, akaipapasa ile radi kwa kidole gumba.

"Nilimuahidi mama."

"Mie nimekuachilia, baba," Bi Mwamvita alisema haraka. "Ahadi ulinipa mie, nami naifuta. Hukuwa na kosa. Panda."

"Nilipoitoa sikujua kama nina kosa au sina, mama. Niliitoa kwa ajili ya Sadallah asimame."

Badru alishika kichwa. "Jamani! Mtu anachezea riziki kwa ajili ya ngazi!"

Sadallah alizitazama zile ngazi. Tatu, za mbao, zimechakaa katikati kwa viatu. Akampa Najat gongo la pili.

"Kaka, daktari alisema..."

"Sogea."

Alishika kamba, akapandisha mguu. Moja. Uwanja mzima ukawa unamtazama yeye. Khalfani alisimama nyuma yake, mikono ameitandaza bila kumgusa. Sadallah aliuma meno, akavuta mguu wa kushoto, ule mzito. Mbili. Jasho lilimtiririka shingoni. Aliunyanyua mguu kwa ya tatu, goti likatetemeka, likagoma. Akajaribu tena. Likagoma tena.

Alibaki ameng'ang'ania kamba, anahema.

"Hesabu tatu, bwana," alisema bila kugeuka. "Mguu umegusa ule."

"Mbili," Khalfani alijibu.

"Mbili na nusu basi! Unabania hata nusu?"

Watu wa karibu walicheka, wengine wakijifuta macho. Khalfani naye alitabasamu, ila alitikisa kichwa.

"Mbili, Sadallah. Tuliumizwa na neno lililobadilishwa njiani. Hili langu litafika lilivyotoka."

Bwana wa koti la kijivu alitazama saa yake, akamsemesha Badru sikioni, akanyanyuka. Khalfani alimwona akipita getini. Najat alimwona Khalfani akimwona. Mdomo wake ulikaza kidogo, kama mtu aliyekanyaga msumari asiyetaka watu wajue. Kisha akaikunja ile fulana mara mbili, akamrudishia.

"Nitunzie. Mpaka ya tatu."

Najat aliipokea kwa mikono miwili. Yapo mengi aliyotaka kumwambia, na mengi hayakuwa ya kusemwa mbele za watu.

"Mama anauliza," alisema, "yule mshenga wako bado yupo?"

"Sijauliza mie!" Bi Mwamvita aliruka.

"Yupo," Khalfani alisema. "Ila mjue safari hii atataka aelezwe vizuri kwa nini alirudishwa."

"Nitamweleza mwenyewe. Aje tu."

Khalfani alimtazama sana, kisha akainamisha kichwa kukubali.

"Nyie wachumba!" Sadallah alipaza sauti kutoka juu. "Mie nimening'inia huku kama popo. Nani ananishusha?"

Khalfani alikwenda, akageuza mgongo, akampa bega aliegemee.

"Jumamosi ijayo?" Sadallah alimuuliza sikioni.

"Jumamosi ijayo. Na nyingine, na nyingine."

Wakashuka pamoja, wakizihesabu kwa sauti ili kila mtu asikie: mbili, moja, chini.