Tone Chini ya Pikapu

Kwii, kwii, kwaa. Sauti ilitokea nyuma ya minazi, ikafifia kidogo, kisha ikarudi kwa nguvu. Barabarani hapakuwa na kitu bado, lakini watoto wa Bongwe waliokuwa wakienda kuteka maji walikwisha kusogea pembeni. Hawakuhitaji kuona. Hiyo ilikuwa springi ya pikapu ya Chande, na hapakuwa na gari jingine kati ya Ukunda na Msambweni lililolia namna ile.

Hafsa alikuwa uani tayari, sare ya shule mwilini na kitambaa mkononi. Pikapu ilipoingia, nyekundu na yenye kung'aa, alimwamkia baba yake, akafungua boneti kabla injini haijapoa.

Chande alikuwa ametoka Msambweni kuchukua samaki, akawapeleka kwenye hoteli za Diani, akarudi. Alifanya hivyo kila alfajiri. Gari lenyewe lilikuwa na umri wa miaka ishirini, yeye akiwa amelimiliki kwa miaka sita, na alilipenda kupita kiasi. Kwa vile maji ya chumvi hudondoka kutoka kwenye makreti ya samaki, na upepo wa bahari hula chuma, kila mwezi alilala chini ya gari akalipaka oili chafu kila mahali, kama wafanyavyo wenye magari wengi wa pwani. Juu alilipiga msasa na rangi. Mtu akilisema vibaya gari lile, Chande alinuna siku nzima.

Kila Ijumaa ilikuwa zamu ya Hafsa kukagua. Alipima oili ya injini, akatazama maji ya rejeta, akamalizia na kikopo cha mafuta ya breki. Baba yake alikuwa amemfundisha yote hayo, naye alijua kazi yake. Wavulana wa Gredi ya Saba walipomtania kwamba ni fundi wa sketi, aliwataka wamtajie vitu vitano vilivyomo ndani ya injini, nao wakaishia viwili.

Asubuhi ile kikopo kilikuwa kimepungua tena. Mafuta yalikuwa chini ya mstari, kwa vidole viwili. Hii ilikuwa Ijumaa ya tatu mfululizo.

Hafsa alitazama nyuma. Baba yake alikuwa akimsaidia Bibi kupanga masufuria barazani. Leo baada ya sala ya Alasiri, vyombo vya harusi ya Yusra, binamu yake Hafsa, vingepelekwa Kwale mjini kwa bwana harusi. Kitanda, magodoro, masufuria, mikeka, vyote vingepakiwa kwenye pikapu, na wanawake wangekaa juu yake wakiimba njia nzima hadi mlimani. Bibi angekaa mbele. Na Hafsa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, angekaa mbele pamoja na Bibi.

Akisema, gari litapelekwa gereji. Likipelekwa gereji, safari itavunjika. Isitoshe, angeulizwa kwa nini hakusema Ijumaa ya kwanza, wala ya pili. Alichukua chupa akaongeza mafuta hadi kwenye mstari, akafunga kifuniko, akafuta vidole.

"Vipi, mama?" baba yake aliuliza kutoka barazani.

"Sawa, Baba. Kila kitu sawa."

Chande alicheka kwa fahari, akawaambia majirani kwamba gari lake halijawahi kumlaza njiani, na ana fundi wake nyumbani asiyelipwa mshahara.

Shuleni, kipindi cha mwisho kilikuwa cha kompyuta. Mwalimu Caroline, aliyehamia kutoka bara mwaka uliopita, alikuwa amewaagiza wanafunzi walete namba ya mtambo wowote wa nyumbani, ili awafundishe kutafuta habari zake. Mercy, rafiki yake Hafsa, alileta namba ya friji ya mama yake. Mwingine alileta ya cherehani. Hafsa alileta namba ya chesisi, tarakimu na herufi alizozinakili kutoka kwenye kibati kilichopigiliwa mlangoni mwa pikapu.

Namba ya friji haikutoa chochote cha maana, na Mercy akasema kwa kujitapa kwamba friji yao ni nzima kuliko zote Diani. Ilipoandikwa namba ya pikapu, ukurasa ulifunguka ukiwa na kisanduku chekundu juu yake.

Mwalimu Caroline alisoma kimya, kisha akawaeleza kwa Kiswahili. Alisema kampuni ikigundua kwamba magari iliyoyauza yana kasoro ya hatari, hutoa tangazo la kuwaita wenye magari hayo wayarudishe, yakatengenezwe bila malipo. Hili hapa lilikuwa la miaka minane iliyopita. Bomba jembamba la breki, lile linalopita juu ya ekseli, chuma kinachobeba magurudumu ya nyuma, lilikuwa limefungwa vibaya. Hujisugua kwenye chuma, na penye chumvi huoza upesi.

Hafsa aliuliza kwa nini baba yake hakuitwa.

"Barua iliandikwa kwa mwenye gari wa kwanza, huko ng'ambo," Mwalimu alisema. "Gari lilikuwa limekwisha kuuzwa huku likiwa limetumika. Barua ikabaki kule."

Chini ya tangazo palikuwa na malalamiko ya watu wenye magari kama hayo. Mwalimu aliyasoma moja moja, na darasa likachangamka. Mmoja alilalamika kwamba springi inalia kama mbuzi mwenye njaa. Darasa zima likamgeukia Hafsa na kumlilia kwii, kwii, naye akacheka pamoja nao. Mwingine alisema kioo cha mlango hushuka chenyewe mvua ikianza. Hafsa akacheka zaidi, maana ndivyo kilivyokuwa.

La tatu liliandikwa na mkulima wa nchi ya mbali. Alisema mafuta ya breki yalikuwa yakipungua kila wiki, naye haoni yanapovujia. Akawa anaongeza tu. Siku moja aliteremka mlima na mzigo, akakanyaga breki, na mguu ukazama mpaka chini. Aliandika kwamba yeye alipona. Hakusema zaidi.

Hafsa aliacha kucheka. Aliona mteremko wa kutoka Kwale kurudi Kombani, kona baada ya kona. Aliona shangazi zake wakiimba nyuma. Akamwona Bibi mbele, na miwani yake.

Alisimama akamwambia Mwalimu yote, mbele ya darasa, Ijumaa zote tatu.  Mwalimu Caroline alipiga simu ya Chande mara mbili, haikupokewa. Alasiri ilikuwa imekaribia na ngoma ya vyombo bila shaka ilikuwa imekwisha kuanza, nani angesikia simu? Kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Mwalimu aliandika maneno ya lile tangazo kwenye karatasi, akampa Hafsa, akamwahidi kwamba ataendelea kupiga.

"Haya, kimbia," alisema. "Mercy, nenda naye."

Walikimbia. Walipita kwenye mihogo ya watu, wakaruka mfereji, Mercy akapoteza kiatu kimoja, akakirudia, akakishika mkononi na kuendelea hivyo hivyo. Kabla ya kuiona nyumba waliwasikia wanawake:

*Pisha njia, pisha njia,*
*gari la Chande lapita,*
*wa nyumbani chungulia,*
*bibi harusi aita.*

Pikapu ilikuwa imejaa. Kitanda kilisimama wima, masufuria yakimetameta, na wanawake tisa walikuwa juu ya magodoro wakipiga makofi. Bibi alikuwa mbele, mkoba mapajani, na nafasi ya Hafsa ilikuwa wazi kando yake. Chande aliwasha injini. Hafsa alipita katikati ya watu akasimama mbele ya bampa, mikono yote miwili juu ya boneti.

Shangazi mmoja alipiga kelele kwamba bibi harusi wa pili amefika, basi apande upesi. Watu wakacheka. Hafsa hakuondoka. Baba yake alitoa kichwa dirishani akamuuliza ana nini.

"Baba, gari lisiende. Mafuta ya breki yanavuja."

Chande alicheka pia, lakini kicheko kilikuwa chembamba. Alisema asubuhi ile ile yeye mwenyewe aliambiwa kila kitu ni sawa.

"Nilisema uongo. Yalikuwa chini ya mstari. Yalikuwa chini Ijumaa tatu, nami nikaongeza nikanyamaza. Nilitaka kukaa mbele."

 Shangazi yule akanong'ona, kwa sauti iliyosikika na wote, kwamba watoto wa siku hizi wakisomeshwa kidogo huja kuharibu shughuli za watu. Chande alikuwa amekasirika sasa. Aliteremka, akasema alilala chini ya gari lile wiki iliyopita, akapaka oili kwa mikono yake, na hakuona uvujaji wowote.

Hapo ndipo Hafsa alipoelewa. Chini ya gari kila kitu kilikuwa kimelowa oili chafu, kila siku. Katika weusi ule nani angeona tone jingine?

Aliomba kitambaa na kipande cha katoni. Alijiingiza chini ya gari na sare yake, Mercy akimlilia kwamba atauawa nyumbani kwa ile blauzi. Alilitafuta bomba jembamba juu ya ekseli, akalifuta oili, akalifuta tena mpaka chuma kikaonekana. Lilikuwa jekundu kwa kutu. Akatandaza katoni chini yake, akatoka.

"Kanyaga breki, Baba. Kwa nguvu, kama unateremka mlima."

Chande aliwatazama wanawake, akamtazama Bibi, mama yake, akarudi kwenye usukani. Alikanyaga mara moja. Akakanyaga mara ya pili. Hafsa, aliyeinama ubavuni, aliona tone moja likianguka kwenye katoni. Halikuwa jeusi. Lilikuwa na rangi ya chai nyepesi.

Mara ya tatu ilisikika tsss, kama chupa ya soda, na mafuta yakaruka mpaka kwenye gurudumu. Mguu wa Chande ulizama hadi chini, ukakaa huko huko. Alijaribu tena. Pedali haikuwa na kitu ndani yake.

 Bibi alifungua mlango, akateremka taratibu, akawaambia wanawake washuke kabla Mungu hajabadilisha fikira zake. Walishuka kwa kusukumana, yule shangazi akiwa wa kwanza.

Chande alibaki amekaa.  Aliposimama, alichukua simu, akakuta namba ya Mwalimu Caroline mara saba. Akampigia Mwinga, fundi wa Ukunda, naye akaja kwa pikipiki muda si mrefu, akachungulia na kupiga mluzi. Mwinga alisoma ile karatasi ya Mwalimu aliyopewa na Hafsa, akaipangusa gotini, akaisoma tena. Alisema wakala wa kampuni yuko Mombasa na atampigia Jumatatu, kwani matangazo kama haya hayafi kwa sababu gari ni kuukuu. Hadi wakati huo gari lisitoke uani hata kwa kusukumwa.

Na vyombo? Mercy ndiye aliyekimbia hadi stendi ya tuktuk. Zilikuja sita, moja nyuma ya nyingine, honi zikilia. Masufuria katika hii, mikeka katika ile, kitanda kikafunguliwa vipande vipande kikafungwa juu ya mbili, dereva mmoja akiapa hajawahi kubeba harusi kwa shida hivi. Wanawake walijipanga humo, na wimbo ukabadilika hapo hapo, gari la Chande likatolewa na tuktuk za Bongwe zikatiwa. Vigelegele vilisikika mpaka kwenye lami.

Tuktuk ya mwisho ilikuwa ikimsubiri Bibi. Hafsa alisimama kando, blauzi nyeusi kwa oili, akingoja adhabu yake. Baba yake alikuja akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo hakuzoea kulifanya.

"Umenidanganya mara tatu," alisema, "na hilo ni kosa, sitalifunika kwa shukrani. Kazi niliyokupa ilikuwa macho yangu. Ukiniambia sawa, natia watu garini. Lakini na mimi nina langu. Mtu akilisema gari langu namnunia, basi mtoto wangu angepata wapi nguvu ya kulisema? Chombo hakitengenezwi kwa kusifiwa. Kinatengenezwa kwa kuambiwa ukweli wake, na mwenye kuambiwa avumilie."

Bibi, aliyekuwa akisikiliza, aliongeza kwamba kusema ukweli umechelewa ni aibu, ila kutousema kabisa ni msiba, na leo mjukuu wake amechagua aibu mbele ya watu wote. Akajisogeza ndani ya tuktuk, akapigapiga kiti kando yake kwa kiganja.

Hafsa alitazama mikono yake michafu, akatazama ile nafasi. Kisha akaushika mkono wa Bibi, oili na yote.

"Bibi, nakuahidi," alisema. "Nikiona tone moja, nitasema tone moja, siku hiyo hiyo, hata bibi harusi mwenyewe akiwa ndani."