Mkufu Ulionadiwa kwa Sauti ya Hessa

Soko la Muharraq likishakaribia Idi halina adabu tena. Watu wanapigana vikumbo, wanaombana radhi bila kutazamana, na foleni ya duka la halua hutoka mlangoni ikakunja kona mpaka kwa wauza ubani. Duaij alikuwa ndani ya foleni hiyo, kanzu yake nyeupe imeshalowa mgongoni, kitambaa cha kichwa amekitupa begani. Alipofika mezani lilibaki bakuli moja tu la halua ya zafarani. Akanyoosha mkono. Mkono mwingine ukamtangulia, umetoka kwenye baibui jeusi lililotariziwa uzi wa fedha.

"Dada, hilo langu."

"Limeandikwa jina?"

"Nimesimama hapa mpaka miguu imekufa ganzi!"

"Ulikuwa unatazama simu. Foleni ikasogea, na mimi nikasogea nayo. Pole, ndugu yangu."

Muuzaji akagonga kijiko mezani. "Yakhe, gawaneni mnitokee hapa, watu wanangoja!"

Wakagawana, kila mmoja na nusu yake kwenye kikopo cha karatasi, wamejibanza ukutani wasikanyagwe. Yule msichana akauliza anafanya kazi gani mtu asiyejua kutetea bakuli lake.

"Niko uwanja wa ndege. Nachungulia mabegi ya watu kwa eksirei."

Akacheka hadi akaziba mdomo. "Basi sisi ni wenzi wa kazi. Mimi nachungulia lulu."

Jina lake Hessa. Alikuwa mpimaji kwenye maabara ya lulu ng'ambo ya daraja, Manama, na baba yake, Bu Nasir, alikuwa mfanyabiashara wa lulu kama babu yake na babu wa babu yake. Lulu wanazoshika watu hawa ni zile tu zilizozaliwa zenyewe ndani ya chaza. Za kufugwa, ambazo mtu humtia chaza gololi ndogo naye akaivika ngozi, kisiwani kwao haziruhusiwi hata kuuzwa.

Simu zikaanza.

"Umekula, maini yangu?"

"Nimekula wali wa samaki. Mama kauzidisha ndimu kavu, uso umenikunjamana."

"Uso huo ulikuwa umekunjamana tangu kwa muuza halua."

"Nenda zako, mwizi wa mabakuli."

Mwaka ulipokatika, mama yake Duaij alipeleka maneno, na maneno yakapokewa vizuri. Hapo Hessa akamwambia Duaij jambo moja, akiwa hana mzaha.

"Baba hatazami mali. Lakini kwetu sisi mwanamke haposwi bila lulu, hata ikiwa ndogo kama punje ya mtama. Ila iwe ya asili."

"Basi nisaidie kuchagua."

"Usiniulize mimi. Mposwaji haoni posa yake mpaka sanduku lifunguliwe. Ukinionyesha, mama atasema nimejiposa mwenyewe."

Duaij akabaki na mzigo wake. Akazunguka sokoni, akaona vijilulu ambavyo moyo wake ulivikataa kwa udogo. Alitaka Hessa ang'are. Ndipo mtandaoni akakutana na mkufu: lulu kubwa, nyeupe, zimefuatana kama meno ya mtoto. Chini yake maneno: lulu halisi, rangi ya asili, zimepimwa maabara, urithi wa familia ya Muharraq. Muuzaji alikuwa nchi nyingine, na bei haikumtisha. Akabonyeza video. Mikono aliyoijua ilikuwa inageuza lulu kwenye sinia, na sauti aliyokuwa akilala nayo sikioni ikasema, "Hizi ni za asili, zimezaliwa baharini. Nimezipima mwenyewe."

Akaona Mungu amempa jibu bila yeye kuvunja mila. Akanunua siku hiyo hiyo.

Siku ya posa nyumba ya Bu Nasir ilijaa. Barazani walikaa wanaume, wengi wao wauza lulu, kanzu zao zinanukia udi. Ndani, wanawake walifungua sanduku, na vigelegele vikapaa. Kisha vikakatika kama vimezibwa kwa kiganja. Mjomba wa Hessa akatoka na sanduku, akamwekea Bu Nasir magotini.

Mzee akaupitisha mkufu viganjani. Akatia lenzi jichoni, akachungulia tundu la uzi la lulu moja, kisha la nyingine.

"Zinalingana kama askari wa gwaride," akasema taratibu. "Bahari haifanyi hivi. Mwanangu, nani amekwambia hizi ni za asili?"

Duaij, ambaye kifua kilikuwa bado kimemjaa fahari, akajibu, "Hessa mwenyewe, ami."

Wanaume wale ndio waliokuwa wakimpelekea Hessa lulu zao. Wote walikuwa wakikubali neno lake, na neno hilo ndilo lililokuwa mali yake yote. Duaij akatoa simu, akaichezesha ile video, akidhani anajitetea. Sauti ya Hessa ikajaa barazani.

Bu Nasir akafunga sanduku. "Chukueni zawadi yenu, wageni wetu."

Hessa alipokea simu kesho yake, baada ya kumwacha apige mara nyingi.

"Umenitaja jina, Duaij. Mbele ya wanaume wa soko zima."

"Nilisikia sauti yako, kipenzi. Niliiona mikono yako."

"Uliniona nikiushika mkufu ule?"

Hessa hakumngoja ajibu.

"Video ile ilirekodiwa kazini, ya lulu za watu wengine. Mtu ameiiba, ameikatakata, akaibandika kwenye uchafu wake. Sasa maabara wameniambia nikae nyumbani mpaka ieleweke. Wapo wanaosema nilihongwa."

"Wewe ndiye uliyeniambia nisikuulize!"

"Nilikwambia usiniulize mimi. Maabara ina mlango, ina watu, inapima cha kila mtu. Ungekwenda na mkufu wako kama mgeni yeyote." Sauti yake ikateleza, akaikamata. "Usinipigie tena."

Duaij akarudi kazini. Siku zile abiria walipita mbele yake kama vivuli. Bwana mmoja akaapa kwamba begi lake lina nguo tupu, na Duaij, bila hata kumjibu, akalisukuma kwenye mashine. Begi lilikuwa na chupa za manukato zilizofungwa ndani ya soksi. Alibaki amekikodolea macho kioo mpaka mwenzake akamgusa bega. Kazi yake ilikuwa kutomwamini mtu kwa maneno, na hakuna aliyewahi kukasirika naye kwa hilo. Kwa nini mkufu wa posa yake aliupokea kwa masikio?

Akaitazama tena ile video, safari hii ameizima sauti. Bila ile sauti, macho yakafunguka. Lulu za kwenye sinia la Hessa zilikuwa na maumbo mbalimbali, nyingine zimebonyea, na hata moja haikutobolewa. Kisha picha inaruka kidogo, kama mtu aliyepepesa jicho, na kinakuja kitambaa cheusi kilicholazwa mkufu, na mkono wa mtu mwingine.

Akaupeleka mkufu maabara, akajiandikisha kama mgeni yeyote. Mpimaji akamwonyesha picha mbili kwenye kioo. Lulu ya asili ilikuwa na pete ndani ya pete, nyembamba kama za kitunguu. Za mkufu wake, kila moja ilimeza gololi.

Akaenda dukani kwa Bu Nasir na picha hizo, akasema mbele ya wazee walewale wa barazani kwamba Hessa hakuwahi kuuona mkufu ule kabla ya siku ya posa.

"Nimekusikia," Bu Nasir akasema. "Lakini sisi tuliomo humu ni wachache. Video ile inazunguka kwenye simu za watu wote."

"Basi na mimi nitazunguka, ami."

Mama yake alimshika mkono alipoona anachofanya. "Watakucheka, mwanangu. Mwanamume hajirekodi akisema ametapeliwa kwenye posa yake."

"Acha wacheke, mama. Yeye wanamwita mwongo."

Akakaa mbele ya simu, uso wazi, jina lake na la baba yake akayataja. Akasema: "Nimeuziwa mkufu huu kwa sauti ya mpimaji ambaye hakuwahi kuuona. Waliniambia halisi. Hata ya kufugwa hutoka kwa chaza, kwa hiyo neno hilo halikuniambia kitu. Waliniambia rangi ya asili, na hapo walisifu rangi tu. Waliniambia zimepimwa, sikuuliza zipi. Urithi wa familia ya Muharraq, sikuuliza familia gani, na Muharraq sote tunajuana. Makosa ni yangu. Mpimaji hana kosa."

Walimcheka kweli. Uwanja wa ndege wakambatiza Bwana Gololi, na kijana mmoja wa mizigo alikuwa akimpigia vigelegele kila asubuhi. Duaij alivumilia. Baadaye maabara wakatoa video yao nzima, isiyokatwa, na Hessa akarudi kazini. Hakumpigia.

Alipopiga hatimaye, ilikuwa mchana, kelele za kazini nyuma yake.

"Bwana Gololi."

"Naam. Wazee wamekurudishia lulu zao?"

"Wengine. Wengine bado wananitazama usoni kabla ya kunipa. Itachukua muda." Akavuta pumzi. "Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Ulipeleka mama, ukapeleka sanduku, ukapeleka video. Unajua kitu gani hukufanya? Hukuwahi kuniuliza mimi kama nitaolewa na wewe. Ulifikiri unajua."

Duaij akatoka nje kwenye jua, mbali na mashine na masikio ya watu. Ndege ilikuwa inaondoka, akangoja ipite isije ikameza neno hata moja.

"Hessa binti Bu Nasir, utakubali kuolewa na mimi?"

Safari hii akalingoja jibu lake.

"Ndiyo," akasema.

"Na baba yako?"

"Baba ana hasira kuliko mimi. Lakini jana ameniuliza nataka nini." Duaij akamsikia analia. "Leo nitampa jibu."