Jiwe la Kisilu Kando ya Chania

Ugali ulikuwa na chumvi, na Syokau hakuwa ametia chumvi. Alikuwa ametoka zamu kwenye kiwanda cha mananasi miguu ikimuuma, akapika kwa maji aliyochota mwenyewe kutoka mto Chania, na sasa tonge halimezeki.

"Ni uchovu tu," akajiambia.

Mama mkwe wake, Mukonyo, aliendelea kula. Wiki moja tu ilikuwa imepita tangu asimamishe jiwe ukingoni mwa mto, hapo Thika, kumkumbuka mwanawe Kisilu, mume wa Syokau. Kisilu alikuwa akitia makaa kwenye tanuri la manowari, akazama nayo wakati wa vita. Sasa ulikuwa mwaka wa 1951. Miaka minane, bila maiti wala kaburi. Makau, ndugu yake Kisilu, ndiye aliyelichonga jiwe. Mukonyo alitaka likae pale kwa kuwa maji ya Chania mwisho wake ni baharini. Kila jioni alisimama kando yake akiita, "Mwanangu, njia ni hii. Rudi."

Kisha ikaja harufu. Makau alipokuja kuwaona aliganda mlangoni.

"Hii ni harufu ya bandari," alinong'ona. "Nilimsindikiza Kisilu mpaka Mombasa. Naijua."

Nyayo za maji zikaanza kuonekana sakafuni, kutoka mlangoni hadi kitandani kwa Mukonyo. Mama huyo alizipangusa akitabasamu, lakini midomo yake ilipasuka, akawa anamaliza mtungi mzima na kiu haikatiki.

Jumapili mchana Syokau alitoka kanisani akamkuta Mukonyo amelala, na ukutani juu ya kichwa chake palikuwa na alama ya mkono wa kulia, mbichi, ikiteremka polepole bila mkono wenyewe kuonekana, maji yakichuruzika kwenye udongo, naye akataka kupiga kelele lakini macho yakahesabu vidole, kimoja, viwili, hadi vitano, akarudi nyuma, kwa maana mashine ya katani ilikuwa imemkata Kisilu kidole cha mwisho cha mkono huo hata kabla hajamwoa.

"Si yeye," Syokau alimwambia Makau.

Wakamleta Kagwe, mganga kutoka Ruiru. Akachoma majani yake, akauliza, "Wewe ni nani?"

Sauti ya kijana ikatoka pembeni, nzito, kama yenye maji kooni. "Sijui tena. Tulizama wengi. Nilisikia mama akiita, nikafuata mto."

"Alimwita mwanawe."

"Wangu hakuita."

Mukonyo akainua kichwa. "Kisilu yuko wapi?"

"Chini. Amelala. Hasikii."

Kagwe akafuta jasho. "Nyanya, wewe ndiye uliyemwita. Mimi siwezi kumtoa. Mwambie aende, kabla hajakumaliza."

Nje, watu walipita wakicheka.

"Mama, mwambie!" Syokau alimshika mkono. "Huyu si wako!"

"Najua," alisema Mukonyo. Akautoa mkono wake taratibu. "Lakini mimi nimechoka kungoja, na yeye amechoka kutembea."

Akasogea mpaka ukutani, akaacha nafasi kitandani. Kitanda kikabonyea polepole, kamba zikalia, kisha pakasikika mtu akishusha pumzi ndefu, kama anayevua viatu baada ya safari.

Mukonyo akamfunika.