Nyuzi Mpya Siku ya Tamasha

Kabati la kioo lilikuwa limefungwa, kufuli mahali pake, na ndani hamna kitu. Kilichobaki ni kitambaa chekundu chenye bonde dogo katikati, pale ukulele ilipokuwa imelala.

Inspekta aliinama akalitazama lile bonde. Alikuwa mwanamke mtulivu, asiyependa kuharakishwa.

"Kufuli halikuvunjwa," alisema.

"Ndiyo maana nasema ni mlinzi, afande!" Msimamizi wa makumbusho ya ngome alijifuta jasho kwa ncha ya tai. "Ufunguo unakaa kwake. Mtie pingu tumalize, wageni wameshajaa."

Nje uani, kati ya kuta nene za ile ngome ya kale, ukulele zaidi ya mia zilikuwa zikijaribiwa, ting ting, kama mvua inayoanza juu ya bati. Kila mwaka wapigaji wa vigitaa hivi vya nyuzi nne hukutana hapo. Aliyeanzisha tamasha hilo alikuwa mzee mmoja aliyeitwa na wote Mwalimu, naye alishafariki. Ala iliyopotea ilikuwa yake. Jioni hiyo kabati lilikuwa litiwe muhuri wa lakiri mbele ya watu, ala isiguswe tena.

"Nani aliitoa kwa makumbusho?"

"Mimi," alijibu mwana mkubwa wa Mwalimu, ambaye sasa ndiye aliyeongoza tamasha. "Ina alama ya kuungua karibu na tundu. Baba aliilaza karibu na jiko siku moja. Na nyuzi zake zimegeuka njano kwa uzee. Huwezi kuikosea."

Alitoa kichwa dirishani, akapaza sauti: "Mwenye nyuzi mpya asikae mstari wa mbele!"

Watu wakacheka. "Mpumbavu gani huyo?" mmoja alijibu kutoka uani.

"Nyuzi mpya zina nini?" Inspekta aliuliza.

"Zinavutika, afande. Siku kadhaa zinalegea tu, kila wimbo unakaza upya. Hapa hata aliyeanza jana anajua avalishe mapema."

Chumba cha mlinzi kilikuwa kando ya geti. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa wima, kofia magotini.

"Ufunguo hukaa wapi, mzee?"

"Pale msumarini. Siku zote."

"Uliondoka humu?"

"Mara moja. Nililifungulia geti gari la vipaza sauti. Watu wameingia tu leo, hakuna aliyetoka."

"Na humu aliingia nani?"

"Mimi."

"Na mwingine?"

Mzee aliigeuza kofia magotini. Mezani palikuwa na vikombe viwili, kimoja kitupu, kingine chai imeachwa nusu.

"Mzee, wewe hunywa kwa vikombe viwili?"

"Nikishikwa na kiu sana."

Inspekta aliuma mdomo asicheke. "Nani aliyeleta chai?"

"Afande, aliyeleta chai si mwizi. Kama lazima umchukue mtu, mikono yangu hii hapa."

"Nikikutoa hapa na pingu, kazi imekwenda. Unajua hilo?"

"Najua. Na chumba cha kazi ninacholala pia kimekwenda." Alivaa kofia yake, akainyoosha. "Lakini hilo silisemi."

Inspekta alitoka, akaketi kwenye ngazi ya mawe karibu na mzinga wa zamani. Geti halijatoa mtu, basi ukulele ipo humu humu. Na ukulele utaificha wapi, kama si katikati ya ukulele nyingine?

Wimbo wa kwanza ulipigwa, ukaisha. Watu wakanywa maji, wakataniana. Mstari wa pili, msichana mwenye gauni la buluu aliinama juu ya ala yake, akakaza nyuzi. Wimbo wa pili ukaisha, akakaza tena. Wa tatu, tena. Na vidole vyake havikuwa vya kubahatisha. Mstari mzima hakuna aliyemfikia kwa kupiga.

"Yule nani?" Inspekta alimuuliza msimamizi.

"Kitinda. Mtoto wa mwisho wa Mwalimu. Huyo ameanza kupiga tangu ana meno ya utotoni."

Mapumziko yalipofika, Inspekta aliwaita wote mbele ya kabati: msichana, kaka yake, msimamizi na mlinzi.

"Nyuzi zako umevalisha lini, binti?"

"Zamani kidogo."

"Mbona zinalegea?"

"Jua, afande."

"Jua linawachoma wote, na wenzako hawakazi. Mtu aliyekulia kwenye ukulele anavalishaje nyuzi mpya asubuhi ya tamasha? Labda ala ameipata asubuhi hiyo hiyo." Alinyoosha kidole. "Bandua hiyo stika."

Ilikuwa stika ya ua, karibu na tundu. Kitinda aliibandua polepole. Chini yake mbao ilikuwa nyeusi, imeungua.

"Wewe!" kaka yake alisema.

"Ningeirudisha kabla ya lakiri." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mjomba mlinzi alipokwenda getini nilichukua ufunguo, nikaurudisha. Nyuzi za Baba zingekatika nikizipiga, ndiyo maana nikavalisha mpya."

"Kwa nini ulifanya hivyo?" Inspekta aliuliza.

Kitinda alimjibu kaka yake, si Inspekta. "Siku ya msiba uliigawa mbele ya wageni, mimi niko jikoni naosha sahani. Baba aliposhindwa kuinua mkono, nani alikuwa anampigia? Aliniambia nisiiache ikae kimya. Wewe ukaitafutia kioo."

"Si ungeniomba?"

"Ningekuomba, ungesema nini?"

Kaka mtu aliangalia sakafu. "Ningekukatalia."

"Na mzee huyu," Inspekta alisema, "ndiye aliyekuwa anakwenda kituoni kwa ajili yako."

Kitinda aligeuka. "Mjomba! Walikushuku wewe? Wallahi sikujua!" Akapiga magoti.

"Inuka, mama. Niliporudi nilikuta ufunguo unabembea msumarini, upepo hakuna." Mzee alikohoa. "Mimi kosa lako nililoliona ni sukari nyingi kwenye chai."

"Ukulele hii ni mali ya nani?" Inspekta alimuuliza msimamizi.

"Kabla ya lakiri... bado ni ya familia."

"Mimi sina malalamiko," kaka mtu alisema haraka.

"Maelezo utaandika hata hivyo, binti, tamasha likiisha. Na wewe, bwana msimamizi, mwombe mzee radhi. Kwa sauti."

Msimamizi aliomba radhi, tai mkononi.

"Nyuzi za Baba ziko wapi?" kaka mtu aliuliza.

Kitinda alitoa leso mfukoni. Nyuzi nne za njano zilikuwa zimeviringishwa ndani yake kwa uangalifu. Kaka yake alizipokea, akafungua kabati kwa ufunguo aliopewa na mlinzi, akazilaza katika bonde la kile kitambaa chekundu.

"Jioni tieni lakiri hizi," alimwambia msimamizi. Kisha akamrudishia dada yake ukulele. "Haya, nenda, wimbo wa nne unaanza. Na ukae mstari wa nyuma kabisa. Una nyuzi mpya."