Marahaba ya Bibi Saadiya

Kila alasiri, shule ikiisha, Samah na mdogo wake Hussam walipanda ngazi za nyumba yao ya Mchafukoge wakikimbizana, mabegi yakiwagonga migongoni. Walikaa ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia la baba yao, Bwana Humoud. Mtu wa kwanza uliyemwona ukiingia ni Bibi Saadiya, mama yake Baba, ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha.

Chini ya dirisha hilo mtaa ulichemka. Wauza vyombo walitangaza bei kwa spika, wasukuma mikokoteni walipiga kelele kuomba njia, na bodaboda zilipiga honi hata pale pasipo na sababu. Bibi aliyaona yote hayo bila kuyasikia. Masikio yake yalikuwa yamefifia mwaka hadi mwaka, mpaka mtaa mzima ukawa kwake kama televisheni iliyozimwa sauti.

Neno moja lilimsaidia. Mtoto yeyote akisimama mbele yake na kuchezesha midomo, Bibi alimjibu, "Marahaba, mwanangu." Mara nyingi alipatia, maana watoto wenye adabu huanza na shikamoo. Bahati mbaya Samah na Hussam waligundua hapo pana mchezo.

"Bibi, kuna panya chini ya kiti chako," Hussam alisema siku moja, uso mkavu kabisa.

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, leo nimepata sifuri ya hesabu," Samah naye akaongeza.

"Marahaba. Mungu akukuze."

Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi naye alicheka, kwa sababu aliwaona wajukuu zake wanacheka na hakutaka kubaki nyuma.

Zamani Bibi hakuwa mtu wa kukaa dirishani. Kila Jumamosi alipanda basi la mwendokasi kituo cha Fire, akaenda Mwembechai kwa Mama Elibariki, rafiki yake wa tangu ujana. Mama Elibariki alikuwa Mchaga wa Machame. Kwa miaka mingi maduka yao pale Kariakoo yalitazamana. Bibi akienda kuswali, mwenzake alimwangalizia duka. Jumapili Mama Elibariki akienda kanisani, ikawa zamu ya Bibi.

Lakini siku moja Bibi hakusikia kituo chake kikitangazwa. Alipitiliza mpaka Kimara, na jioni ikamkuta anazunguka kituoni, watu wanamwelekeza kwa maneno asiyoyasikia. Baba alimkuta analia. Tangu siku hiyo alisema magoti yanamuuma, akaacha kusafiri. Simu nayo haikumfaa tena. Akawa mpweke, mpweke kweli, ndani ya nyumba yenye watu tele.

Jumatatu moja Samah alirudi nyumbani na Vicky, rafiki yake wa darasani. Bibi alikuwa amejitanda mtandio wa zambarau, ule wa sikukuu, umemfunika kichwa mpaka mabegani. Aliwatazama kwa tabasamu pana, kama mtu anayengoja zawadi.

"Sasa angalia," Samah alimnong'oneza Vicky. Akainama kwa heshima zote. "Shikamoo, redio mbovu!"

Bibi hakujibu upesi. Tabasamu lilimtoka polepole. Alimtazama mjukuu wake kwa muda, kisha akasema, "Marahaba, mwanangu," akageukia dirishani.

"Aa, Samah, hiyo siyo poa," alisema Vicky.

"Si hasikii! Kwani kuna ubaya gani?" Samah akamjibu, lakini siku hiyo mchezo haukunoga.

Alhamisi jioni, wakati wa kula, Baba aliweka kikasha kidogo cheupe mezani. Alikuwa amekasirika.

"Bibi amevikataa vifaa vyake," alisema. "Anasema vimeharibika, vinapiga mluzi tu. Kesho navirudisha kwa yule daktari. Atanieleza kwa nini ametupatia vitu vibovu!"

"Vifaa gani, Baba?" Samah aliuliza.

"Vifaa vya kusaidia kusikia, vya kuvaa masikioni. Bibi alinikataza nisiwaambie, alitaka kuwashtukiza. Jumatatu alisikia kila kitu! Kwenye bajaji wakati wa kurudi kutoka kwa daktari alimsikia hata muuza kahawa akigonganisha vikombe, akacheka kama mtoto. Tulipofika akajitanda mtandio wa sikukuu ili avifiche, akakaa kuwangoja. Akaniambia, sauti ya kwanza atakayoisikia nyumbani anataka iwe ya Samah."

Samah alirudisha tonge sahanini.

"Na sasa Mama Elibariki anahamia Machame moja kwa moja, anaondoka Jumapili," Baba aliendelea. "Naye, kwa kuwa yuko kwenye kiti cha magurudumu, anaomba rafiki yake aende kumuaga. Nimemweleza Bibi kwa ishara mpaka mikono imechoka. Anasema hakuna haja ya kwenda mpaka Mwembechai kutazama midomo."

Samah aliinuka, akaenda mpaka kwenye kiti cha dirishani.

"Bibi, nisamehe."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, nimekosa. Naomba unisamehe!"

"Marahaba. Mungu akukuze."

Kwa mara ya kwanza neno lile halikumchekesha. Alitamani Bibi amgombeze, amfukuze, amwambie chochote kingine. Aliona aibu, akaona pia jinsi Bibi alivyo peke yake, na kwamba yeye ndiye aliyemrudisha huko.

Akarudi mezani. "Baba, usiende kwa daktari. Vifaa ni vizima. Mimi ndiye mbovu." Akaeleza yote, tangu panya na sifuri mpaka redio. Hussam akakodolea sahani yake macho.

"Kumbe kesho ningekwenda kumgombeza mtu wa watu bure," alisema Baba. Akasukuma kikasha kuelekea kwa Samah. "Mpelekee mwenyewe. Radhi haiombwi kwa niaba."

Samah alipiga magoti mbele ya Bibi, akafungua kikasha. Bibi akatikisa kichwa na kutazama mtaani. Samah hakuondoka. Alibaki vilevile, ameshika kikasha kwa mikono miwili, machozi yakimdondoka mapajani. Hatimaye Bibi alishusha pumzi, akachukua kifaa kimoja, akakitia sikioni.

"Haya. Sema."

"Bibi, Jumatatu nilikuita redio mbovu. Na siku nyingine nyingi nimekuwa nikikufanyia mzaha ukidhani nakusalimia. Nimekosa. Naomba radhi."

"Vifaa hivi havina ubovu," Bibi alisema polepole. "Nilivitoa kwa sababu vinasikia vizuri mno. Unajua kwa nini kila mara nilijibu marahaba? Sikukusikia, lakini wewe ni mjukuu wangu. Nikaamini kila unachoniambia ni heshima. Kutosikia kulikuwa kugumu, Samah, lakini humo nilikuwa na watoto wazuri. Siku niliyosikia, nikawapoteza."

Samah alilala kwenye mapaja ya Bibi akalia kwa sauti. Bibi akampapasa kichwa, muda mrefu. Kisha akatia na kifaa cha pili.

"Nimekusamehe," alisema. "Baba yako alisema Mama Elibariki anaondoka lini?"

Jumamosi asubuhi walishuka ngazi taratibu, Bibi akiwa na mkongojo wake upande mmoja na Samah upande wa pili. Pale kituoni hapakuwa na vidato vya kupanda kuingia kwenye basi. Sakafu ya kituo ilikuwa sawa na sakafu ya basi, na Bibi akaingia kama anayeingia chumbani kwake. Kijana mmoja akampisha kiti.

"Shikamoo, Bibi. Kaa hapa."

"Marahaba," alijibu Bibi, na safari hii alijua anajibu nini.

Walivuka bonde la Jangwani, wakapita Magomeni. Samah alihesabu vituo kwa wasiwasi. Mara sauti ikatangaza kituo kinachofuata, Mwembechai. Kabla Samah hajafungua mdomo, Bibi alikwisha kushika mkongojo.

"Tunashuka," alisema kwa fahari.

Mama Elibariki alikuwa mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu. "Shoga yangu!" alipaza sauti kwa mazoea ya zamani.

"Usipige kelele, nakusikia," alisema Bibi, na wote wawili wakaangua kicheko.

Walizungumza mpaka jua likapinda. Wakati wa kuagana walishikana mikono, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia.

"Machame mbali, Saadiya," alisema Mama Elibariki.

"Nipigie simu. Nitakusikia."

Ndani ya basi la kurudi Bibi alifuta macho kwa pembe ya mtandio. Samah akamshika mkono.

"Nimempata leo, kesho anaondoka," alisema Bibi. "Ilibaki kidogo nimkose, kwa sababu ya maneno mawili ya mzaha. Sikiliza, mjukuu wangu. Asiyesikia hajaondoka. Yupo palepale, anangoja mtu wa kuzungumza naye. Mwambie yaleyale ambayo ungemwambia kama angekuwa anakusikia. Hayo ndiyo maneno ya kweli, na hiyo ndiyo heshima."

Jumatatu Samah na Hussam walirudi kutoka shule. Bibi alikuwa dirishani, amejitanda mtandio mpaka mabegani, masikio hayaonekani.

"Amevaa vile vifaa?" Hussam alinong'ona.

"Sijui," alijibu Samah. Akasogea mbele, akainama. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Samah akavuta kigoda, akaketi karibu na kiti cha Bibi, akaanza kumsimulia habari za shule.