Hodi ya Chini ya Bahari

Chumba kilinuka mayai viza tangu asubuhi. Melkior, mwenye studio, alilaumu trei za mayai alizobandika ukutani kuzuia mwangwi. Studio yenyewe iko Shanwe, hapa Mpanda, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, na humo ndimo filamu ya skrini kubwa kama ukuta wa ghala, ya volkano za chini ya bahari, ilikuwa inawekewa sauti ya Kiswahili. Nchi hii, seriously.

Msimulizi alikuwa Capitoline. Digrii ya jiolojia, bahasha zimechakaa kwa kuzungushwa maofisini. Sauti yake ndiyo iliyompa kazi ya kwanza maishani.

"Kinachonuka ni wewe au trei?" Melkior akamtania.

"Jinuse kwanza mwenyewe, boss."

Akavaa hedifoni. Akawekewa sauti halisi iliyorekodiwa kule kilindini, kwenye mdomo wa volkano: mngurumo, mapovu, halafu, waziwazi, mtu akabisha.

"Hodi."

"Karibu," akaitikia Capitoline. Hakufikiri. Nani hufikiri? Hodi huitikiwa hata ukiwa chooni.

Ulimi ukashika moto. Akakohoa, akatema tope jeusi mezani, na ndani ya tope vikajinyonga vidagaa vyeupe visivyo na macho, akatema tena, vikamteleza kidevuni, vikaingia ndani ya blauzi yake ya interview, uvundo ukajaa hadi Melkior akatapikia mashine zake, na bado, Capitoline akiwa ameuziba mdomo kwa mikono miwili, kitu kooni mwake kiliendelea kusoma script, vizuri kumshinda yeye mwenyewe.

"Take hii ni kali," Melkior akanong'ona, akijifuta matapishi. Shenzi kabisa.

Melkior akampeleka Majimoto kwa Bibi Nyanzala, mganga wa Kisukuma, aliyemtumbukiza miguu kwenye chemchemi ya maji ya moto.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi, bibi."

"Basi hafukuzwi, mjukuu wangu. Mgeni husindikizwa. Na haondoki mikono mitupu." Akamgeukia Melkior. "Wewe, futa hiyo hodi yake."

"Nimeshafuta, bibi. Haki ya Mungu."

Maji yakatoa mapovu. Mgeni akaondoka, na sauti ya Capitoline akaenda nayo.

Siku ya uzinduzi, ukumbi wa Mpanda ulijaa wanafunzi. Skrini ilipowaka, mayai viza yakanuka. Capitoline akamtazama Melkior. Melkior akainamia simu yake. Capitoline akasimama, akapunga mikono kuwazuia watoto, akapanua mdomo mpaka taya zikauma. Kimya.

Kwenye spika, kwa sauti yake mwenyewe, tamu kweli:

"Hodi!"

Na watoto wote, kwa adabu waliyofundishwa makwao, wakaitikia:

"Karibuuu!"