Kaseti Isiyo na Lebo

Ilikuwa Jumamosi, kwenye soko la vyombo vya umeme vilivyotumika, watu wamebanana hata pa kukanyaga hakuna. Mikono miwili ikashika redio kaseti moja. Mmoja wa fundi simu, kijana mrefu mwenye miwani iliyounganishwa kwa gundi. Mwingine wa mshonaji, amependeza ndani ya gauni la njano alilojishonea mwenyewe, mifuko mikubwa huku na huku.

"Dada, nimeishika kwanza mimi."

"Ulichoshika ni mkono wangu, kaka. Redio iko chini yake."

Muuzaji akawaambia wachange wainunue, halafu waoane, yeye hana siku nzima. Wakachanga kweli. Mshonaji alitaka kusikiliza nyimbo za mama yake. Fundi alikuwa anafufua kompyuta ya zamani, ile ambayo michezo yake inaingizwa kwa kaseti. Wakakubaliana redio ikae kwa fundi, mwenzake awe anakuja.

Akaja kesho yake, na keshokutwa. Akawa anamshikia tochi fundi akichomelea waya, huku anamcheka anavyotoa ulimi. Wakiachana, simu.

"Umekula?"

"Nimekula vumbi la kompyuta."

"Basi njoo nikupanguse, mpenzi."

Fundi alimwambia yote ni kwa sababu ya mchezo mmoja, aliotunga kaka yake walipokuwa wadogo. Kaka sasa anaishi mbali, hawajaonana miaka. Mchezo uko kwenye kaseti moja tu. Ila hakumwonyesha ni ipi.

Siku kompyuta ilipowaka, fundi kwa furaha akamuuliza kama atakubali amuoe. Mshonaji akaziba uso kwa mikono. Fundi akacheka, akatoka kwenda kununua waya wa kuunganisha redio.

Huku nyuma, mshonaji akachukua kwenye boksi kaseti isiyo na lebo. Akaijaribu, ikalia kama mafuta yanayokaanga. Akadhani imeharibika, hakujua mchezo wa kompyuta hulia hivyo. Akarekodi jibu lake humo, akaiacha ndani ya redio aikute, akakimbilia kwao.

Fundi akarudi, akakuta kaseti ya kaka yake imeshawekwa. Akaunganisha waya, na waya ukiwa ndani redio haitoi sauti. Akasubiri. Kioo cha kompyuta kikaandika kosa. Alipochomoa waya akasikia mtu anakohoa, sauti ya kike. Akaizima hapohapo, akapiga simu.

"Umefuta mchezo wa kaka."

"Ule ndio wenyewe? Jamani, sikujua. Hebu sikiliza kwanza—"

"Nisikilize nini? Wewe baki na viraka vyako. Vitu vya maana usiguse."

"Sawa, kaka," mshonaji akasema, akakata.

Hakupiga tena. Fundi naye akakaza shingo. Miezi ikapita ndipo akajipa moyo kumweleza kaka yake kwenye simu. Kaka akacheka mpaka akapaliwa.

"Ule wa kijitu kinaruka shimo? Mdogo wangu, ule hata haukuisha. Hatua ya pili nilikuwa nakudanganya tu." Halafu akauliza, "Sasa huyo binti yuko wapi?"

Fundi akakata simu, akairudisha nyuma ile kaseti iliyobaki ndani ya redio, akaiwasha. Kikohozi, halafu ile sauti: "Ana kwa ana siwezi, naona aibu. Nimekubali. Usinicheke."

Alikimbia mpaka kwenye duka la ushonaji. Mshonaji alikuwa anakunja pindo la gauni la mteja, pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikubali kweli," akasema taratibu. "Lakini nilikuwa sijajua ukikasirika unanionaje. Sasa najua."

"Zilikuwa hasira tu, mpenzi."

"Najua. Na mimi kila nikishika sindano nakusikia unasema 'viraka vyako'."

Mteja akageuka kutaka kujiangalia. Mshonaji akamwomba fundi asogee kidogo, amemzibia mteja kioo. Akasogea, akasogea tena, mpaka akajikuta nje.